Kura ya Odette Levasseur

Asubuhi ile ya Machi Odette Levasseur aliliendesha basi la shule kama mtu anayefukuzwa. Kona za mji wetu wa Perley Falls anazijua hata akifumba macho, lakini siku hiyo alizikata kwa hasira, watoto kule nyuma wakishangilia, na alipofika mlangoni pa shule hakungoja hata wa mwisho aokote kofia yake sakafuni.

"Shukeni, shukeni jamani! Dereva wenu ana bunge leo!"

Watoto wakacheka. Kwetu huku kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada, si ajabu dereva wa basi kuwa mbunge. Bunge la jimbo letu limejaa watu wa aina hiyo, mafundi bomba, wafuga ng'ombe, walimu wastaafu, na yupo hata mwenye duka la majeneza. Wanacholipwa ni aibu kukitaja. Kwa hiyo wanaokwenda huko ama ni wastaafu wanaokimbia upweke, ama ni watu wenye jambo linalowakereketa. Odette alikuwa wa kundi la pili, na jambo lake lilikuwa mwanawe wa pekee, Marcel.

Marcel ni fundi wa magari, kijana wa miaka ishirini na minne, mrefu, mpole, si msemaji. Baba yake alishafariki. Wikiendi moja kila mwezi huvaa magwanda ya Walinzi, yaani askari wa akiba wa jimbo, wale ambao gavana huwaita mto ukifurika au theluji ikiangusha nyaya za umeme. Angalau hivyo ndivyo tulivyoambiwa vijana wetu walipokuwa wakiandikishwa. Lakini Washington, yaani serikali kuu ya Marekani, nao wana mkono wao kwa askari hao hao, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiwachota na kuwapeleka ng'ambo, kwenye vita ambavyo Kongresi, bunge la taifa, haijawahi kusimama ikavitangaza. Kikosi cha Marcel kazi yake ni kutegua mabomu yaliyofukiwa barabarani. Alikwenda mara moja, akarudi na mikono yake na miguu yake, tukashukuru. Ila mpaka leo akiwa anaendesha gari akaona mfuko wa takataka kando ya njia, anahamia upande wa pili. Na sasa amri ilikuwa imetoka tena. Mei wanaondoka.

Ndipo Odette akaandika mswada wake. Ulikuwa mfupi, hata mtoto angeuelewa: Walinzi wa jimbo hili hawatapelekwa kupigana ng'ambo mpaka Kongresi ipige kura na kutangaza vita, kama katiba inavyosema. Wakubwa wakitaka vita, wainue mikono hadharani tuwaone sura. Seneti ya jimbo ilikuwa imeshaupitisha, na gavana alisema ukimfikia mezani atatia saini siku hiyo hiyo. Kilichobaki ni bunge la chini. Kamati iliuchambua, ikapendekeza utupwe, lakini kwetu kamati haina neno la mwisho. Kila mswada, hata uwe wa kijinga vipi, lazima ufike mbele ya bunge zima. Na bunge zima lilikuwa siku hiyo.

Sasa mtu angedhani kilichomnyima Odette raha ni hofu ya kushindwa. Hapana. Kilichomtafuna kilitokea Jumapili, mezani kwake.

Marcel alikuja kula na rafiki yake wa kikosini, kijana mmoja mnene mcheshi aitwaye Trask. Odette alikuwa ametengeneza maharage ya kuoka na ule mkate wa nyama ya nguruwe wa bibi zetu waliotoka Quebec. Walikula vizuri mpaka Trask alipoanza utani wake.

"Mama Levasseur, unajua kambini wanakuitaje? Jemadari."

"Vizuri. Wanipigie saluti."

"Tena wanasema Marcel ameandikiwa ruhusa na mama yake," Trask akaendelea, mdomo umejaa maharage. "'Mwalimu mpendwa, mtoto wangu ana mafua, naomba asiende vitani leo.'"

Akacheka peke yake. Marcel akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Na wewe Trask," Odette akamjibu, "mama yako angekuwa na akili angekuandikia vile vile. Tena yeye aseme una minyoo, maana kwa ulaji huo wataamini."

Trask akacheka zaidi, lakini Marcel aliweka uma chini.

"Mama, usipige kura."

"Usinichekeshe."

"Sichekeshi. Kule kwenu si kuna desturi? Mbunge mwenye maslahi yake ndani ya jambo anasimama, anasema, halafu anakaa pembeni. Basi wewe kaa pembeni."

"Mswada ni wangu, Marcel! Niuzae halafu niukimbie?"

"Umeshauandika, umeshausemea, inatosha. Ukipita, upite kwa kura za watu wengine. Mimi sitaki kubaki nyumbani kwa sababu kidole cha mama yangu kimebonyeza kitufe." Alimtazama Trask, kisha akamtazama mama yake. "Nakuomba, Mama. Maisha yangu yote nimekuomba nini?"

"Nitapiga kura," Odette akasema, "na nitaipiga kwa ngumi."

Hakuna aliyekula tena. Marcel alinyanyuka akaosha vyombo vyote, akamwita Trask, wakaondoka. Na neno lile lilibaki na Odette jikoni. *Maisha yangu yote nimekuomba nini?*

Maana kusema kweli Marcel alikuwa amemwomba mengi, na hakusikilizwa hata moja. Alipokuwa mdogo alipenda hoki ya barafuni kuliko chakula. Alipong'oka jino, Odette akamtoa kwenye timu, na machozi yote yale hayakumrudisha. Alipompata yule binti wa duka la maua, Odette alimwambia binti mwenyewe usoni kwamba hafai. Alipotaka kwenda magharibi kufanya kazi, Odette akaugua mgongo ghafla, mgongo ambao ulipona kijana alipofungua begi akarudisha nguo kabatini. Jamani, hata jina la mbwa wa Marcel alilichagua Odette! Kujiunga na Walinzi ndicho kitu pekee alichokifanya mwenyewe, na alikifanya kwa siri, akaja kusema wino umeshakauka. Odette hayo yote alikuwa akiyaita mapenzi. Tangu Jumapili alikuwa hana hakika tena yaitweje, na hilo lilimfanya asilale, asile, na akate kona za barabara vibaya.

Basi alipolirudisha basi alipanda gari lake la mizigo, akashuka mlimani kwenda mji mkuu wa jimbo, dirisha amelifungua. Jua lilikuwa kali kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Theluji ilikuwa inayeyuka, barabara zimegeuka matope, na kwenye kila msitu ndoo zilikuwa zimetundikwa kwenye miti zikidondokewa na utomvu wake mtamu. Hiyo ndiyo siku ambayo utomvu wa miti unatiririka, na ukitiririka lazima uuchemshe upate shira, maana haungoji mtu. Odette alipoona zile ndoo akakanyaga mafuta. Nusu ya wabunge waliomwahidi kura zao wana mabanda ya kuchemshia. Siku kama hiyo, bungeni hawakai.

Alikuwa sahihi. Alipofika kwenye ngazi za bunge alimkuta Merton Hobbs anashuka, kofia kichwani, funguo mkononi. Merton ni mzee aliyepigana vita vya ujana wake na hakuvizungumzia kamwe, jirani wa kiti cha Odette, na mtu wa kwanza kutia jina lake kwenye mswada ule.

Odette alimkamata koti.

"Merton! Unakwenda wapi?"

"Utomvu unakimbia, Odette. Ndoo zangu zinafurika huko, na mke wangu kiuno hakimruhusu kuzibeba. Jambo lako liko mwisho wa orodha, watabwabwaja mpaka jioni."

"Ukiondoka nitakufuata mpaka bandani kwako nikalipindue hilo sufuria la shira. Nitalipindua na moto wake!"

Merton alimtazama vizuri.

"Nakujua. Utalipindua kweli."

"Basi rudi ndani."

"Shira ya mwaka mzima, mwanamke wewe!" Lakini alikuwa ameshageuka. "Nakaa kwa ajili ya Marcel, siyo wewe. Wewe una mdomo mbaya."

Odette alisimama pale ngazini akiwakamata wengine mmoja mmoja, huyu kwa kubembeleza, huyu kwa matusi, huyu kwa kumkumbusha kwamba alimpelekea wajukuu zake shuleni kwenye theluji ya kufika magotini. Wengi walirudi wakinung'unika. Wachache walimponyoka, na aliyaona magari yao yakiruka madimbwi kuelekea milimani. Akaingia ndani, akakaa, akanyanyuka, akaenda dirishani, akarudi kukaa. Sheria ya kwanza ilihusu leseni za uvuvi, ya pili sijui taa za boti. Odette alibonyeza vitufe bila hata kusikia alichokuwa anapigia kura.

Wakati wa chakula alipanga foleni ya supu, akashtukia nyuma yake yuko Winslow Tuttle. Huyu ndiye aliyekuwa anaongoza upande wa kuupinga mswada, mzee msafi wa kuvaa tai, zamani alikuwa mtu wa bima. Odette alikuwa akimchukia kwa moyo wote, ingawa hakuweza kueleza kosa lake.

"Mheshimiwa Levasseur, nisamehe. Umelifikiria suala la maslahi? Sisemi kwa ubaya."

"Sema kwa ubaya tu, Winslow, huwa nakuelewa vizuri zaidi."

"Hakuna wa kukulazimisha. Desturi yetu ni mtu na dhamira yake. Ila unakumbuka ile barabara iliyokuwa ipite shambani kwangu? Nilisimama nikajitoa. Ilinigharimu."

Na kweli alijitoa, Odette alikumbuka, bunge zima lilikumbuka. Neno lile lilimchoma zaidi kuliko kama angemtukana. Aliiacha supu palepale, akatoka nje akazunguka jengo kwenye matope mpaka viatu vikawa vizito.

Mswada uliitwa jua likiwa limeanza kulala kwenye madirisha ya magharibi. Odette alipopanda kwenye kipaza sauti aliinua macho kwenye roshani ya wageni, na hapo akawaona. Vijana wa kikosi walikuwa wamekuja wamevaa nguo za kiraia, wamebanana kwenye safu ya mbele. Trask alikuwepo. Marcel alikuwa pembeni yake, mikono kati ya magoti.

Alizungumza. Watu wanasema hajawahi kuzungumza vile, na mimi naamini, maana kwa kawaida Odette akizungumza hugombana. Siku hiyo hakugombana. Alisema vijana wetu waliapa kulilinda jimbo na kuitikia taifa likiwaita, na taifa lina namna yake ya kuita: ni kura, kwa majina, ndani ya Kongresi. Alisema tangu bibi zetu wakiwa wasichana haijapigwa kura ya namna hiyo, na bado makaburi mapya yanachimbwa. "Siombi wasiende," alisema. "Naomba anayewapeleka atie jina lake."

Tuttle naye akapanda. Hakuwa mjinga. Alisema Washington wakikasirika watachukua fedha zao, na pamoja na fedha watachukua zile helikopta zinazowaokoa watu milimani. Alisema mahakama zimeshatamka kwamba Washington ikiita, gavana hana uwezo wa kuzuia.

"Basi watushtaki!" Odette akapaza sauti kutoka kitini. "Wakimaliza kutushtaki, Mei itakuwa imepita!"

Spika akagonga nyundo. Roshani ikacheka, ila Marcel hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake moja kwa moja, na midomo yake ilikuwa imekazwa. Kisha akainamisha macho kwenye viatu vyake.

*Ananiomba tena,* Odette aliwaza. *Mbele ya wenzake wote, ananiomba tena.*

"Milango ifungwe," Spika akasema. "Wabunge waketi vitini mwao."

Kwetu milango ikishafungwa hakuna kuingia wala kutoka, na kura ni ya aliyekaa kitini mwake tu. Kwenye kila meza kuna kitufe cha kijani na kitufe chekundu. Odette alikiangalia kile cha kijani. Kidole kilimwasha, wallahi kilimwasha. Merton, kando yake, alikuwa ameshaweka gumba lake tayari na anatazama dirishani, kule jua linakowayeyushia wenzake theluji.

Sijui ni nini hasa kilichopita ndani ya Odette wakati ule. Yeye husema alimwona Marcel akiwa mdogo, viatu vya barafu vikining'inia shingoni, akimwambia "tafadhali, Mama," na yeye akisema hapana. Husema alijiuliza kama huyu mtu mzima mwenye ndevu atawahi hata siku moja kuomba kitu kwa mama yake akakipata. Alisimama.

"Mheshimiwa Spika."

"Mheshimiwa Levasseur."

"Mwanangu yumo katika kikosi kinachoondoka Mei. Kwa desturi ya bunge hili..." Aliushika ukingo wa meza. "Kwa desturi ya bunge hili, nina maslahi. Sitapiga kura."

Mnong'ono ulipita ukumbi mzima. Merton aligeuka kama amechomwa sindano.

"Odette, kaa chini ubonyeze hicho kitufe."

Odette alikaa chini. Aliikalia mikono yake, yote miwili, chini ya mapaja, maana hakuiamini.

Ubao wa kura uliwaka. Taa za kijani na nyekundu zilijaa, zikasita, zikasimama. Karani alisoma, akasoma tena, kisha akamtazama Spika. Waliosema ndiyo na waliosema hapana walikuwa sawa sawa. Kura zikilingana Spika hupiga yake, na Spika wetu hakuwahi kuficha msimamo wake kuhusu mswada ule. Aliipiga. Ikaongezeka taa moja nyekundu, nyundo ikagonga, na mswada wa Walinzi ukawa umekufa. Uliokufa haurudi mpaka mwaka mwingine wa bunge.

Hakuna aliyeshangilia. Hata Tuttle alikuwa ameinamia meza yake akipanga kalamu zilizokuwa zimeshapangika.

"Kwa nini?" Merton aliuliza.

"Aliniomba."

"Nani alikuomba?"

"Marcel. Aliniomba nisipige."

Merton akachukua kofia yake kutoka mezani.

"Utomvu wangu umemwagika ardhini tangu asubuhi," alisema. Hakusema kwa hasira, alisema kwa sauti ya uchovu tu, na Odette angependa mara mia angemtukana. Akatoka taratibu kwa mlango wa pembeni.

Nje, kwenye uwanja wa magari, wabunge walikuwa wanakimbilia usukani, huyu na huyu wakipigiana honi. Odette alimkuta Trask amesimama karibu na gari lake la mizigo, mikono mifukoni. Alijiandaa kwa utani wake. Trask hakutania. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Asante kwa kujaribu, mama," alisema, akatazama pembeni. "Mke wangu atajifungua Juni. Nilikuwa nimemwambia... Basi. Asante." Akaenda zake.

Marcel alikuwa ameshaingia garini, upande wa abiria. Odette alipanda, akafunga mlango. Alikuwa ameumia, ndiyo, lakini ndani ya maumivu kulikuwa na kitu kingine anachokionea haya mpaka leo. Alikuwa anangoja kushukuriwa.

"Nimefanya ulivyotaka," alisema.

Marcel alikuwa anatazama mbele.

"Nimekusikiliza, Marcel. Mbele ya watu wote. Nimejitoa kama ulivyoniomba."

"Nimeona."

"Basi sema kitu."

Marcel alianza kucheka. Kicheko hicho Odette hakukipenda, kilikuwa hakina pumzi. Kijana aliinama mpaka paji la uso likagusa dashibodi, na mabega yake makubwa yakawa yanatikisika, na Odette akagundua kwamba kicheko kilikuwa kimeshakwisha zamani.

"Hoki," Marcel alisema kwa sauti iliyozibwa. "Hukunisikiliza. Yule binti, hukunisikiliza. Kazi ya magharibi, hukunisikiliza. Hata mbwa, Mama. Hata mbwa!"

"Najua. Ndiyo maana leo..."

"Trask alikuwa amekaa pale mezani! Ulitaka niseme nini mbele ya Trask? Kambini walikuwa wananicheka wiki nzima. Ilibidi niseme. Nilisema kwa sababu nilijua. Nilikuwa na uhakika, Mama. Niseme nisiseme, wewe ungebonyeza."

Odette alitafuta funguo, akazipata, akazishika tu.

"Ungeniambia," alisema.

"Nikuambie nini?"

"Kwamba unaogopa."

"Naogopa." Aliinua uso. Ulikuwa umelowa wote, na alikuwa na sura ile ile ya utotoni. "Haya, nimekuambia. Naogopa sana. Kule juu nilikuwa nakutazama, nasema moyoni, bonyeza, bonyeza, bonyeza. Nikashindwa kutazama zaidi."

Gari la mwisho lilitoka uwanjani, likawarushia matope kwenye kioo. Odette aliwasha vifuta kioo, vikapita vikirudi, na hakuondoka. Mtu huyu, ambaye tangu tumjue hajawahi kumwuliza binadamu yeyote ushauri, sisi wala marehemu mumewe wala padri, alimgeukia mtoto wake.

"Sasa nifanye nini, Marcel?"

Marcel alijifuta pua kwa mkono wa jaketi.

"Sijui, Mama," alisema. "Mimi nilikuwa nakutegemea wewe."